DADA AKITAKA KOMBATI, MPE NAULI!

Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya vijana wa kijiwe kimoja cha Majengo, Dodoma



Sikuja kuwahubiria, nimekuja kuungama. Mdogo wangu wa kike alipomaliza kidato cha nne aliniambia, "Kaka, nataka kwenda kujitolea JKT." Nikacheka. Nikamwambia jeshi ni la wanaume, na akirudi huko nani atamwoa? Siku ya usaili wilayani aliniomba nauli. Nilikuwa nayo, sikumpa. Leo umri umempita, anauza maandazi stendi. Kosa hilo sina wa kumsingizia, ni langu.

Nawe unayesoma hapa una dada, au mchumba. Jiulize ungefanyaje.

Tukisema jeshi ni la wanaume, historia inatuumbua, tena ya hapa hapa kwetu. Kongwa, mwaka 1964, ilipokea wapiganaji wa FRELIMO. Baadaye kambi yao kubwa ikawa Nachingwea, na huko mwaka 1967 wasichana wa Msumbiji walifundishwa kushika bunduki. Mmoja wao, Josina Machel, alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili, 1971, akiwa na miaka 25. Ndiyo umri wa wengi wetu tunaoshinda hapa kwenye kahawa.

JKT nayo, tangu ilipoanzishwa tarehe 10 Julai, 1963, imepitisha wasichana wengi. Mafunzo ya lazima kwa wasomi yalisimamishwa mwaka 1994 yakarudi mwaka 2013. Nenda Makutupora, nje kidogo ya mji wetu, uone mabinti wanavyopiga kwata.

Mtauliza, atafanya kazi gani? Si kupika tu, ndugu zangu. Jeshi linahitaji madaktari na wauguzi, mafundi wa mawasiliano, madereva, wahandisi, wahasibu, wanasheria na polisi jeshi. Anayetaka uafisa njia yake ni Chuo cha Monduli. Wanawake wa JWTZ wamelinda amani Darfur na Kongo. Neno "afande" halina mume wala mke!

Tazama majirani. Kenya walivunja kikosi chao cha wanawake peke yao mwaka 1999, wakawachanganya na wanaume. Fatuma Ahmed akawa Meja Jenerali mwaka 2018, na mwaka 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga zima. Kwetu, Amiri Jeshi Mkuu ni mwanamke tangu Machi 2021, na Septemba mwaka huo Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Ulinzi.

Lakini tusidanganyane. Wakubwa wawili watatu kukaa juu hakumfungulii geti mtoto wa mlalahoi. JKT yenyewe husema wazi kwamba mafunzo yake si ahadi ya ajira. Wengi humaliza miaka miwili wakarudi nyumbani na cheti. Na bila cheti hicho, matangazo ya JWTZ ya kuandikisha vijana yamekuwa yakikufungia mlango.

Yapo na masharti ya kutokuwa na ndoa. Yanawahusu wote, lakini yanambana nani zaidi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu binti kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, mvulana akangoja 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba hilo linavunja Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Binti anayeozwa mapema ameshanyimwa kombati kabla hajaiomba.

Basi tudai nini? Kwanza, usaili uwe wa wazi na majina yabandikwe ukutani, watu wayasome. Pili, anayemwomba binti rushwa ya ngono apelekwe TAKUKURU; ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 2007. Tatu, tusiwape matapeli hata senti. Nafasi za JKT haziuzwi, maombi hupitia ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya.

La nne halihitaji maandamano wala mkutano wa hadhara. Tangazo likitoka, dada yako akikuomba nauli ya kwenda wilayani, usicheke kama nilivyocheka mimi. Mpe.