Mbavu Zikivunjika: Yupi wa Kupasuliwa, Yupi wa Kutulizwa Maumivu



Mtu akiteleza kwenye ngazi za nyumba ya ghorofa pale Mji wa Kale, au akigongwa na tuktuk Ndia Kuu, kwanza hutafutwa leso ya kumfunga kifua, kisha mtu wa kumchua kwa mafuta. Nia ni njema, lakini mbavu si mguu. Kifua kikibanwa, mgonjwa huvuta pumzi fupi, hawezi kukohoa, makohozi hubaki mapafuni, na baada ya siku chache nimonia huingia. Kuchua ni hatari zaidi: ncha ya mfupa inaweza kutoboa pafu.

Ubavu mmoja au miwili ikivunjika na mapafu yako salama, kwa kawaida hakuna upasuaji. Mfupa hujiunga wenyewe kwa wiki 6 hivi, ingawa maumivu huweza kukawia. Tiba ni dawa za maumivu za kutosha, ili mtu avute pumzi ndefu, akohoe huku amekumbatia mto, aketi na atembee. Wazee wetu husifiwa kwa kuvumilia kimya. Hapa uvumilivu huo unaua, kwani asiyekohoa ndiye anayepata nimonia.

Hali nzito ni mbavu tatu au zaidi zinazofuatana, kila moja imevunjika mahali pawili. Kipande cha ukuta wa kifua hulegea: mgonjwa akivuta pumzi kifua hupanda, kipande hicho hubonyea ndani. Mara nyingi pafu lililo chini yake nalo limechubuka.

Miaka ya 1950 wagonjwa hawa walianza kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Mwaka 1975 madaktari wa Texas, Marekani, wakaonyesha kuwa wengi hupona bila mashine, maumivu yakitulizwa na mapafu yakitunzwa. Siku hizi mbavu huweza pia kuungwa kwa vibamba vya chuma na skrubu, na inapoamuliwa hivyo, hufanywa siku chache za mwanzo.

Je, upasuaji ni bora? Utafiti wa Kanada na Marekani uliotolewa mwaka 2022, wenye wagonjwa 207, haukuona tofauti kubwa ya siku za kuishi bila mashine kwa wagonjwa wote kwa jumla. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari kwenye mashine. Vifo vilikuwa vichache upande wa waliopasuliwa, lakini idadi yenyewe ni ndogo mno kuamulia jambo.

Kwa hiyo anayeombwa kutia sahihi kwa niaba ya mgonjwa asikubali wala kukataa kwa hofu tu. Amuulize daktari: mbavu zimesogea kiasi gani? Sindano ya ganzi ya kifua imejaribiwa? Anashindwa kupumua kwa sababu ya mbavu, au ni pafu lililochubuka, ambalo vibamba haviliponyi? Upasuaji nao una hatari zake, kama kuvuja damu na kidonda kuingia vijidudu.

Akihema kwa shida, akitema damu, midomo ikibadilika rangi au akianza kuchanganyikiwa, asingojeshwe mpaka asubuhi. Ambulensi haingii vichochoroni. Abebwe juu ya ubao, bila kukunjwa, hadi barabara kubwa, kisha moja kwa moja Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, ile wengi bado wanaiita Makadara.