Siku 14 za Kwanza Ghuba

Tangazo la Falme za Kiarabu umekwisha kulisikia katika taarifa zetu za habari wiki hii. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, ni marufuku kumfanyisha mtu kazi juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri. Mwajiri atakayekaidi atatozwa dirham 5,000 kwa kila mfanyakazi. Oman, Kuwait, Qatar na Saudi Arabia nazo zina saa zao. Ni jambo jema na tunalipongeza. Hutangazwa kila mwaka, na kila mwaka tunalipongeza.

Linalotutia wasiwasi katika kituo hiki ni jingine. Ni zile siku 14 za kwanza.

Tunamzungumzia kijana wa Kinangop, wa Limuru, wa Kericho, wa Kabale kule Uganda, wa Makete kule Tanzania. Kwao mwezi wa Juni ni ukungu asubuhi, sweta mchana na blanketi mbili usiku. Jumatatu anapanda ndege akiwa na jaketi mwilini. Jumanne alfajiri anashuka Dubai au Doha, na hata kabla jua halijachomoza joto linambana kifua. Adhuhuri nyuzi zimepita 40. Jumatano yuko kazini. Nauli imelipwa, viza imelipwa, mwenye kazi anasubiri. Mwili wake nao uko wapi? Mwili wake bado uko Kinangop.

Siku 14. Mwili wa binadamu huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Katika muda huo damu huongezeka maji, moyo hupunguza mbio, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, tena likiwa na chumvi kidogo kuliko mwanzo. Ujana haufuti siku hizo, na nguvu za shamba hazizifuti. Mazoea yenyewe hayadumu. Aliyekuja nyumbani likizo akakaa mwezi mzima kwenye baridi, akirudi kazini anaanza upya.

Wasikilizaji wetu wa Mombasa, Tanga na Unguja watasema joto wanalijua. Ni kweli, wanalijua la kaskazi. Lakini Ghuba ile, mwezi wa Agosti, maji ya bahari yenyewe hupita nyuzi 30. Jua likizama, unyevu wa bahari huutanda mji na usiku hauleti nafuu. Hatari iko hapo. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikishiba maji, jasho halikauki. Linachuruzika mgongoni, linaingia kiunoni, linajaa ndani ya viatu vya kazi. Jasho la namna hiyo limekumaliza maji na chumvi, na halijakupoza.

Qatar imeliona hilo. Katika kanuni zake za mwaka 2021 haikutosheka na kutaja saa za kupumzika. Iliweka pia kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, na kimojawapo cha vipimajoto vyake huvishwa kitambaa kilicholowa maji. Kipimo hicho kikipita 32.1, kazi ya nje husimama, iwe ni saa ngapi. Usizione nyuzi hizo kuwa ndogo. Kwa kipimo kile, joto limekwisha kuwa la hatari kwa anayefanya kazi nje.

Lakini tangazo la wiki hii linamhesabu aliyekaa Dubai miaka kumi na aliyefika jana kuwa kitu kimoja. Wote wawili watatoka juani saa sita na nusu. Wote wawili watakuwa wamepigwa na joto tangu asubuhi. Mmoja mwili wake umezoea, mwingine la. Idara ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, inasema kati ya asilimia 50 na 70 ya vifo vya joto katika kazi za nje hutokea siku chache za kwanza. Tunarudia: siku chache za kwanza. Na taasisi ya utafiti ya nchi hiyo hiyo, NIOSH, ina ushauri ulio wazi: mfanyakazi mpya afanye sehemu ya tano ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe sehemu ya tano kila siku.

Elimu hii si ngeni Afrika. Tangu miaka ya 1930, migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, iliwazoesha joto vibarua wapya kabla ya kuwashusha kina kirefu, kwa kuwa kiharusi cha joto kilikuwa kinawaua. Baadaye vikajengwa vyumba vilivyojazwa mvuke, na ndani yake vibarua wakapanda na kushuka ngazi fupi kwa saa kadhaa, siku baada ya siku, huku wakipimwa joto la mwili. Wengine walikuwa wametoka kwenye baridi ya milima ya Lesotho. Wenye migodi wale, katika zama za ubaguzi wa rangi, hawakufanya hivyo kwa huruma. Walikuwa wanalinda faida. Basi ikiwa hata wao waliujua ukweli huu, ajenti wa leo anayepeleka vijana Ghuba ana udhuru gani?

Hapa ndipo tunaporudi kila mara, na tutaendelea kurudi. Wanaorejea kutoka Ghuba wanatuambia yale yale. Kabla ya safari walifundishwa kupiga pasi kanzu, kutumia mashine ya kufulia, kusalimia kwa Kiarabu. Walipouliza habari za joto, jibu lilikuwa neno moja: utazoea. Utazoea! Ada imepokewa, pasipoti imechukuliwa, na kuhusu joto linaloweza kuua, utazoea. Ndiyo, atazoea, akipewa siku 14. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata jembe la wazee lilisubiri siku mbili.

Na dada zetu wa kazi za nyumbani? Wao wana sheria zao mbali na hizi za saa za jua. Dada anaosha magari uani, anakung'uta mazulia juu ya paa, anasimama jikoni kwenye majiko manne, na mara nyingi chumba anacholala ndicho kisicho na kiyoyozi. Marufuku ya mchana haimfikii. Siku 14 zake nani anazihesabu?

Tunataka nini? Tunataka siku 14 ziandikwe ndani ya mkataba, pamoja na mshahara na likizo. Wabunge mnaojadili ajira za nje, ziandikeni. Mabalozi wetu kule Ghuba, ziulizieni kabla kijana hajaugua. Ajenti, kama huwezi kumfundisha mtu joto, usimpeleke kwenye joto.

Nawe unayefunga sanduku wiki hii, sikiliza. Usingoje kiu, kunywa glasi ya maji kila baada ya dakika 20 ukiwa kazini, na kula chakula chenye chumvi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Kunywa na upumzike kivulini. Misuli ikikaza, kichwa kikigonga, ukihisi kichefuchefu, simamisha kazi na useme. Mwenzako akianza kuzungumza yasiyoeleweka au akipepesuka, hicho ni kiharusi cha joto: mvueni nguo nzito, mmwagieni maji baridi, mpepeeni, iteni ambulensi papo hapo. Msimngoje msimamizi.

Wazazi, leo ulizeni swali moja tu kabla ya kuuza ng'ombe wa nauli: wiki mbili za kwanza mwanangu atafanya kazi gani, saa ngapi, na atalala wapi? Mkijibiwa "atazoea", chukueni pasipoti yenu mrudi nyumbani. Kalamu bado iko mkononi mwenu. Msitie sahihi!