Bastola ya Mashindano: Hatari ya Kuchezea Kifyatulio

Somo la leo lawahusu wanachama wa vyama vya kulenga shabaha, na pia jamaa wanaokaa nao nyumba moja. Tutazungumza juu ya desturi ya kupiga tupa vipande vya ndani vya bastola ili ifyatuke kwa wepesi.

Kwanza tuelewe jinsi bastola yenye nyundo inavyofanya kazi. Nyundo ikivutwa nyuma, springi yenye nguvu hutaka kuirudisha mbele. Kinachoizuia ni kipande kidogo cha chuma ambacho ukingo wake umeingia katika pengo la nyundo. Tukiite kishikilio. Ukivuta kifyatulio, kishikilio huteleza na kuiachia nyundo. Nyundo hupiga pini, pini hupiga fataki, na risasi hutoka. Katika bastola nyingi za mashindano sehemu hiyo inayoshikana haifiki hata milimita moja. Uhai wa mtu watunzwa na ukingo huo.

Sasa, mshindani hupenda kifyatulio chepesi, maana kidole kikikaza sana mkono hutikisika. Hilo si kosa. Lakini mtu anapochukua tupa nyumbani na kuupunguza ukingo, mambo mawili huweza kutokea. La kwanza, baadhi ya vipande hivi vimegumishwa juu juu tu. Ngozi ngumu ikiisha, chuma laini kilicho chini hulika upesi. Leo bastola ni nzuri, na baada ya risasi mia kadhaa haishiki tena. La pili, nyundo yaweza kuponyoka yenyewe bastola inapojipakia. Hapo hutoka risasi mbili kwa mvuto mmoja, na ile ya pili hutoka wakati mtutu umekwisha kuinuka, wala hakuna ajuaye itakwenda wapi.

Wengine huondoa kabisa kizuizi cha pini. Kizuizi hiki huifunga pini isiende mbele mpaka kifyatulio kivutwe. Kampuni ya Colt ilikitia katika bastola zake za aina ya 1911 mwaka 1983. Washindani hulalamika kwamba huongeza ukavu katika kuvuta. Ni kweli, lakini kazi yake ni kuilinda bastola inapoanguka, ili pini isiendelee na mwendo wake ikaigonga fataki.

Msidhani jambo hili ni rahisi hata kwa wataalamu. Mwezi wa Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kuwabadilishia watu vipande vya ndani vya bastola ya P320, kwa kuwa ilionekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani yaweza kufyatuka. Uzito wa kifyatulio chenyewe ulikipeleka nyuma, kana kwamba kidole kimekivuta. Ikiwa kiwanda chenye mainjinia na mashine za kupimia kilipitiwa, je, sisi wenye tupa na taa ya mezani?

Kanuni za mashindano nazo zina maana. Katika kanuni za kimataifa za ISSF, kifyatulio cha bastola ya mita 25 hakina ruhusa kuwa chini ya gramu 1000, yaani pakiti ya sukari ya kilo moja. Cha bastola ya hewa ya mita 10, gramu 500. Mkaguzi husimamisha mtutu wima, hutundika uzito katika kifyatulio, na bastola hapana budi iuinue bila kufyatuka. Katika mashindano ya IPSC, ambako watu hukimbia na bastola zenye risasi, anayefyatua kwa bahati mbaya hutolewa mashindanoni siku hiyo hiyo.

Basi, yafaa tushike haya:

1. Kazi ya ndani ya bastola mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali cha serikali.
2. Usiondoe kizuizi chochote cha usalama.
3. Pima uzito wa kifyatulio mara kwa mara, si mara moja tu.
4. Bastola ikifyatua mara mbili, au nyundo ikirudi mbele yenyewe bila kushika, elekeza mtutu kwenye kingo ya udongo, toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, na usiitumie tena siku hiyo.

Watu husema ajali haina kinga. Lakini ajali hii kinga yake ilitiwa kiwandani. Aiondoaye ni mwenyewe, na atakayeumia huenda akawa mtoto aliyelala chumba cha pili.

Maswali ya kujadili kikundini: Kishikilio hufanya kazi gani? Kwa nini chuma kilichopigwa tupa hulika upesi? Je, mwenzako akikuomba umsaidie kuondoa kizuizi cha pini, utamjibu nini?