HESABU YA SABUNI YA MAGADI

(Mazungumzo na wanafunzi wa zamani na wa sasa, Soweto, Moshi)



Nimeombwa nizungumze juu ya faida za sayansi. Mada hiyo ni pana mno, nami nitashika kona yake moja tu: namna ya kujua kitu hiki kiasi gani kikutane na kile kiasi gani. Kidato cha Tatu wanaijua kwa jina la hesabu za moli, na najua wengi hawaipendi.

Wa umri wangu hawahitaji kuelezwa thamani ya sabuni. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mpaka ule mwaka wa 1983 wa msako wa wahujumu uchumi, mche wa sabuni ulipangiwa foleni, na wako waliofulia majani ya mpapai. Ndipo watu wengi walipopika sabuni nyumbani kwa magadi, chokaa na shahamu ya ng'ombe. Wengine walipata sabuni. Wengine walipata uji wa mafuta.

Leo maduka yamejaa sabuni, lakini upishi haukukoma. Hivi karibuni akina mama wa kikundi kimoja hapa Soweto waliniletea sabuni yao niitazame. Ilikuwa laini, inateleza mkononi kama siagi, povu hakuna. Nayo fedha ya shahamu ilikuwa ya mkopo. Walikuwa wamefuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno: shahamu kilo 8.9, magadi kilo 1.59, chokaa iliyozimwa kilo 1.11. Nikaipima mizani yao, nikaona ni nzima. Basi kasoro iko wapi?

Tuanze na shahamu. Mfaransa Chevreul, katika kitabu chake cha 1823, alionyesha kuwa mafuta ni muungano wa asidi za mafuta na glisirini. Tuchukue aina moja ya mafuta hayo, tristearini, isimame badala ya shahamu yote. Moli yake moja ni gramu 890, nayo hutaka moli tatu za kostiki soda, yaani gramu 120. Hutoka gramu 918 za sabuni na gramu 92 za glisirini. Jumlisheni: 1010 kila upande.

Kostiki soda hiyo hupatikana kwa kuchemsha magadi na chokaa ndani ya maji, kisha kuacha tope jeupe litulie chini na kumimina maji ya juu. Kitabuni, soda ya kuanzia ni kaboneti ya sodiamu: gramu 106 zake na gramu 74 za chokaa hutoa gramu 80 za kostiki soda. Ukitaka gramu 120, zidisha kwa moja na nusu: 159 na 111. Hizo ndizo namba za karatasi. Aliyeiandika alikuwa msomi, na hesabu yake ningeipa alama zote.

Ila sokoni hatununui kitu hicho. Magadi ya Ziwa Natron ni trona: kaboneti na bikaboneti zimeshikamana, na maji yamefungwa ndani ya chembe zake hata kama mkononi yanaonekana makavu. Moli yake ni gramu 226. Moli hiyo hutaka moli mbili za chokaa, gramu 148, ndipo itoe moli tatu za kostiki soda, gramu 120.

Sasa rudini kwenye pipa la akina mama. Shahamu ni moli 10. Chokaa, 1110 gawanya kwa 74, ni moli 15. Magadi, 1590 gawanya kwa 226, ni moli 7 na kidogo. Kijana mmoja hapa mbele ameninong'oneza kwamba chokaa ndiyo itakayokwisha kwanza, maana ndiyo nyepesi kuliko zote. Sivyo, mwanangu. Uzito hausemi nani atakwisha. Moli ndizo zisemazo. Magadi moli 7 yanataka chokaa moli 14, na chokaa nyingine inabaki. Kostiki soda inayotoka ni moli 21, shahamu inadai 30. Hivyo moli 7 za shahamu zimekuwa sabuni, na kilo 2.6 hivi zimebaki shahamu ile ile, ndizo zinazoteleza.

Haikuwa hasara ya kutupa. Tuliirudisha jikoni na maji ya magadi mengine, gramu 670 na chokaa gramu 370, tukiongeza kidogo kidogo. Iligandana, ikakatwa miche, ikauzwa.

Hatari ya upande wa pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa inachubua ngozi. Kilo moja ya mafuta ya nazi hutaka takriban gramu 180 za kostiki soda. Shahamu hutaka kama 140. Ukichukua maelekezo ya Pwani ukayapikia shahamu ya Moshi, gramu 40 kwa kila kilo zinabaki zikingoja mikono ya mfuaji. Hata ukiwa na hesabu sahihi, punguza soda kwa sehemu tano katika mia.

Na tafadhalini, msitumie sufuria ya alumini. Kostiki soda huila, ikatoa haidrojeni, na jiko liko chini yake! Tumieni debe au pipa la chuma. Mkinunua kostiki soda ya dukani, mimineni soda ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda.

Wako watakaouliza juu ya majivu ya maganda ya ndizi, ambayo huku mlimani hayana bei. Yana potasiamu: badala ya gramu 120 mtahitaji 168 za haidroksaidi yake, na sabuni yake ni laini kwa asili.

Hesabu hizi zote zimechukulia magadi yasiyo na mchanga wala chumvi. Ya sokoni yana vyote viwili, na kila gunia lina kiasi chake. Nimemwachia mwalimu wa kemia kilo mbili. Kidato cha Nne wayapime kwa asidi, na jibu lao walipeleke kwa akina mama kabla ya pipa lijalo.