Kuku, Ng'ombe, Punda na Kamongo: Kufundisha Mifumo Mitatu ya Mwili kwa Swali Moja



Vitabu vyetu vya baiolojia huweka mmeng'enyo wa chakula katika sura moja, utoaji wa takamwili katika nyingine, na uzazi mbali zaidi, pengine kidato kingine kabisa. Mwanafunzi anajibu vizuri swali la figo bila kujua figo ina habari gani na tumbo. Ninachopendekeza ni kwamba mifumo hii mitatu ifundishwe pamoja, na hapa Samuye, mkoani Shinyanga, swali la kuiunganisha tunalo: mnyama huyu anatunzaje maji? Mtoto aliyeona marambo yakikauka mwezi wa nane hahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo.

Tuanze na kuku, maana yupo karibu kila kaya. Fuata njia ya chakula: gole, kisha firigisi yenye changarawe zake, utumbo, halafu vifuko viwili virefu vya seka. Inua utumbo pembeni. Figo utaziona zimejibana katika mashimo ya mifupa ya nyonga, za rangi ya kahawia iliyoiva, kila moja ina vipande vitatu. Sasa waambie wanafunzi watafute kibofu cha mkojo. Waache wahangaike kidogo, maana hakipo. Mirija ya mkojo inamwaga kwenye kloaka, chumba kile kile kinachopokea kinyesi, na yai nalo hupita hapo hapo. Mrija wa mayai unaofanya kazi ni wa kushoto peke yake. Yai hukaa ndani ya sehemu yake ya kutengeneza ganda kwa karibu saa 20. Kile cheupe juu ya kinyesi cha kuku ni asidi ya yuriki, takamwili inayotoka kama uji mzito kwa maji kidogo sana. Tena, mkojo ukishafika kwenye kloaka, sehemu yake hurudishwa nyuma hadi kwenye utumbo na seka, maji yakanyonywa mara ya pili. Kazi ya figo inamaliziwa na utumbo. Jambo hili mwanafunzi hawezi kulielewa kama tumempa sura mbili zisizosalimiana.

Kwa ng'ombe tunahitaji machinjio. Taulo, yaani chumba cha kwanza cha tumbo, ni pipa la kuchachushia: bakteria na vijidudu wengine huvunja nyasi kavu ambazo ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuzivunja. Kitabu, yaani chumba cha tatu, hukamua maji, na chumba cha nne ndicho chenye asidi kama tumbo letu. Haya wengi tunayafundisha. Tunaloliruka ni safari ya yurea. Malisho yakiwa duni wakati wa kiangazi, figo za ng'ombe hubakiza yurea nyingi badala ya kuitoa yote kwenye mkojo. Yurea hiyo hurudi tumboni kwa njia ya mate na kupitia ukuta wa taulo, bakteria wakaigeuza protini, na ng'ombe akaja kuwameng'enya bakteria hao. Takamwili imekuwa chakula. Kwangu mimi hili ndilo somo zuri kuliko yote katika anatomia ya mifugo.

Uzazi nao haujitengi. Kizazi cha ng'ombe chenye pembe mbili kimelala chini ya utumbo wa mwisho, ndiyo maana mtaalamu wa uhimilishaji huingiza mkono kupitia njia ya haja kubwa ili aishike shingo ya kizazi. Mrija wa mkojo wa jike hufungukia ndani ya njia ya uzazi. Kwa dume, mrija mmoja hupitisha mkojo na shahawa.

Punda anakula nyasi zile zile kwa mpango mwingine: tumbo lake ni moja na dogo, uchachushaji hufanyika nyuma, katika seka na utumbo mpana, na ini lake halina kifuko cha nyongo. Mimba yake huchukua takriban mwaka mzima kwa mtoto mmoja. Shinyanga tunajua matokeo yake. Punda walipochinjwa hapa mkoani kwa ajili ya soko la ngozi, uzazi wa namna hiyo haungeweza kufidia. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukafuata kwa kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda Februari 2024.

Mfano wa mwisho unatoka ziwani. Samaki aitwaye kamongo akiwa majini hutoa sehemu kubwa ya takamwili kama amonia, sumu kali lakini maji huizimua. Akijifukia kwenye tope lililokauka, amonia ingemuua, kwa hiyo huunda yurea na kuihifadhi mwilini mpaka mvua irudi. Homer Smith, mwanafiziolojia wa figo wa Marekani, alimchunguza samaki huyu na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokiita Kamongo.

Sasa turudi darasani: figo ya ng'ombe na ya mbuzi ziwekwe sahani moja. Ya ng'ombe imegawanyika vipande vingi kama kishada. Ya mbuzi ni laini, umbo la haragwe. Wanafunzi wachore kwanza, majina yafuate. Hapo hapo tuseme habari ya zebaki. Wengi wana kaka zao machimboni Kahama na Geita, wanakochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu. Mvuke ukivutwa huingia kwenye damu, na zebaki hujikusanya zaidi kwenye figo, katika vile vijirija tunavyowachoresha.

Kuhusu utekelezaji: tuchukue tu viungo vilivyopitishwa na mkaguzi wa nyama, glavu zivaliwe, na vizazi vyenye mimba visiguswe na wanafunzi kwa sababu ya brusela na homa ya Bonde la Ufa. Mabaki yafukiwe kwa kina siku hiyo hiyo. Mbwa akila ini au pafu lenye vifuko vya maji, hupata tegu ambao mayai yao humrudia mtoto anayecheza naye.