Killarney: Ua Linalopigwa Picha na Msitu Usio na Wajukuu

Mada kwa semina ya waongoza watalii



Nimeombwa nieleze vivutio vya Killarney, mji mdogo katika kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi, pamoja na shughuli za nje zinazofanyika huko.

1. Maana

Kivutio ni kitu kinachomtoa mtu kwao akakitazame. Shughuli ya nje ni ile inayomrudisha hotelini na matope viatuni. Haya sote tunayajua, tuendelee.

2. Vivutio

Hifadhi ya Taifa ya Killarney ilianza mwaka 1932, ardhi ya Muckross ilipotolewa zawadi kwa taifa. Leo ina zaidi ya hekta 10,000. Mgeni hupanda boti kwenye ziwa Lough Leane karibu na ngome ya Ross, hutembea hadi maporomoko ya Torc, hukodi baiskeli, au hupanda gari la farasi la jarvey, mwendeshaji ambaye masimulizi hayamwishi. Wenye miguu ya milimani huenda Carrauntoohil, mita 1,039, mrefu kuliko milima yote ya Ayalandi. Haya yamo katika kila kipeperushi.

3. Tatizo

Miezi ya Mei na Juni, misitu ya Killarney hugeuka zambarau. Wageni husimamisha baiskeli wapige picha. Ua hilo ni rododendroni, mgeni aliyeletwa kupamba bustani za wenye mashamba makubwa. Uzuri wa mkakasi.

Majani yake hayapukutiki mwaka mzima, kwa hiyo chini yake ni giza, na mche wa mwaloni haukui gizani. Yana sumu, hivyo kulungu na kondoo huyapita wakala mche wa mwaloni uliobahatika kuota. Mbegu zake ni ndogo mno na husafiri na upepo. Kichaka kikubwa huweza kutoa zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Ukiingia ndani ya msitu uliovamiwa utaona mialoni mizee ingali imesimama, lakini chini yake hakuna mche hata mmoja. Ni nyumba ya wazee wasio na wajukuu.

Ukikikata kichaka, kisiki huchipua. Sharti king'olewe au kitiwe dawa, kisha mtu arudi. Mche mpya wa rododendroni huchukua miaka kama kumi kabla ya kuchanua. Hiyo ndiyo nafasi yetu: anayewahi hung'oa kwa mkono, anayechelewa huanza upya. Lakini mara nyingi fedha hutolewa kwa mwaka mmoja, na ripoti huhesabu hekta zilizofyekwa, si zilizorudiwa.

Simlaumu mtu, kila ofisi ina mipaka yake. Ila nimewahi kung'oa miche palepale nilipopigwa picha ya ushindi miaka saba kabla. Na kampuni moja ya safari iliponiomba picha ya jalada, niliwapelekea mialoni. Wakachapa ua.

4. Mapendekezo

(a) Hekta isiandikwe imefyekwa mpaka irudiwe.
(b) Fungu la fedha lidumu angalau miaka kumi.
(c) Idadi ya kulungu na kondoo idhibitiwe panapoota mialoni michanga.
(d) Mwongoza watalii asipite mbele ya ua hilo bila kusema linafanya nini.
(e) Vipeperushi viache kulitangaza.
(f) Mgeni anayetaka apewe nusu siku ya kung'oa miche ya rododendroni chini ya usimamizi. Hiyo nayo ni shughuli ya nje, tena yenye matope.
(g) Wenye lantana makwao, kichaka kingine kigeni kinachovamia, wasome (a) na (b) upya.
(h) Fedha za kurudi zitengwe kabla ya fedha za kufyeka. Najua nimeshasema.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Picha za maporomoko ziko meza ya nyuma kwa wanaozihitaji.