Dumu Lisilo na Jina

(Mazungumzo haya yalitolewa na mafundi wawili, ndugu wa tumbo moja, mbele ya wahitimu wa kisomo katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Viktoria. Tumeyapiga chapa kama yalivyosemwa.)

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya ufundi na kusoma. Mnatufahamu. Sisi ni mtu na mdogo wake, na tunatengeneza injini za mitumbwi pale mwaloni. Lakini leo tutaanza mbali. Tutaanza na mashine ambayo wengi wenu hamjaiona. Inaitwa pikipiki ya theluji. Msicheke. Tukifika mwisho mtaona kuwa habari hii inahusu makopo yaliyomo nyumbani mwenu.

ZIWA LINALOKUWA GUMU

Tulikaa miaka sita Minnesota, jimbo la kaskazini ya Marekani. Kazi yetu ilikuwa kuwatunza wazee wasiojiweza. Watu wa Afrika ya Mashariki wako wengi huko, hata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili hukosi.

Jimbo lile lina maziwa zaidi ya 10,000. Wakati wa baridi kali maziwa yale huwa magumu kama sakafu ya saruji. Baridi hushuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, na siku nyingine hupita hapo. Watu hutembea juu ya ziwa. Hutoboa shimo, hukaa juu ya kigoda, huvua samaki kwa ndoana. Sisi watoto wa wavuvi tulipoona hivyo mara ya kwanza tulikataa kukanyaga. Tulisema, "Maji ni maji."

Theluji ikijaa, pikipiki ya magurudumu haipiti. Kwa hiyo watu wa huko wana pikipiki yao. Mbele haina gurudumu, ina vyuma viwili virefu vya kutelezea. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama ule wa katapila. Injini ndiyo inayouzungusha. Mashine hii haina gia za kubadili kwa mguu. Ina puli mbili na mkanda mwembamba, ndugu yake mkanda wa mashine yetu ya kusaga. Tofauti ni kwamba puli hizi hujibana na kujiachia zenyewe, kadiri injini inavyoongeza mwendo.

MTOTO ALIYEKOSA USAFIRI

Msidhani chombo hiki kilianza kama mchezo wa matajiri. Huko Valcourt, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, alikuwako fundi aitwaye Joseph-Armand Bombardier. Alizaliwa mwaka 1907. Tangu ujana alikuwa akijaribu kutengeneza gari la kupita juu ya theluji. Mwaka 1934, wakati wa baridi, mwanawe mdogo aliugua kidole tumbo. Njia zilikuwa zimefunikwa na theluji. Gari la baba yake lilikuwa halijakamilika. Mtoto akafa bila kufika hospitali. Alikuwa na umri wa miaka miwili.

Jamani, sisi tunaoishi mbali na barabara, jambo hilo halihitaji kuelezwa zaidi.

Yule baba hakuacha kazi. Mwaka 1937 alipewa hati ya uvumbuzi wake. Akaanza kuuza magari ya theluji yanayochukua watu 7. Magari yale yalibeba wagonjwa, barua na watoto wa shule. Baadaye, mwaka 1959, alitoa mashine ndogo ya mtu mmoja au wawili. Ndiyo hiyo Ski-Doo. Husimuliwa kuwa jina lililotakiwa ni Ski-Dog, yaani mbwa wa kutelezea, kwa sababu ingechukua kazi ya mbwa wavutao sleji. Eti herufi ya mwisho ikakosewa, na jina likabaki hivyo. Tazameni kazi ya herufi moja.

Watu wengi wakaiga. Kufika mwaka 1970 hivi, viwanda vya kutengeneza mashine hizi Amerika ya Kaskazini vilizidi 100. Kisha vingi vikafa. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda sana, na watu wakapunguza kununua. Leo viwanda vilivyobaki unavihesabu kwa vidole. Lakini mashine za zamani bado zipo mabandani. Wako watu wengi wanaozifufua nyumbani kwao, katika banda la kulaza gari. Huko Eagle River, Wisconsin, yamekuwapo mashindano makubwa ya pikipiki hizi tangu mwaka 1964, na mashine za zamani nazo hukimbizwa.

MASHINE CHINI YA TURUBALI

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja, mkulima aliyestaafu. Katika banda lake palikuwa na Ski-Doo ya rangi ya manjano, ya mwaka 1970. Ilikuwa imefunikwa turubali miaka mingi. Alituona tukitengeneza gari letu wenyewe barazani. Akasema, "Mkiweza kuifufua hii, nitawauzia kwa bei ndogo." Tulikubali upesi. Tulijua watu hupenda mashine hizo, na ikishapona tungeiuza kwa faida.

Mzee alitupa daftari kabla hajatupa spana. Alisema, "Msifungue hata nati moja kabla ya kuandika."

Basi tukaandika. Tulikusanya makopo ya maharage yaliyokwisha, tukayapa namba. Kopo namba 1, bolti za kifuniko cha mkanda. Kopo namba 2, bolti za kabureta. Tukachora waya zote, kila waya na rangi yake, na mahali unapoingia. Kazi ya jioni mbili ikawa ya wiki nzima. Tulinung'unika. Kumbe tulipokuja kurudisha vitu, hatukubakiwa na hata bolti moja mkononi.

Mfano wa kazi yenyewe ni huu. Kwanza hatukuvuta kamba ya kuwashia kwa nguvu. Injini iliyolala miaka mingi huweza kuwa na kutu ndani. Tulitoa plagi, tukamimina oili kidogo ndani ya silinda, tukaiacha siku mbili. Ndipo tukavuta kamba taratibu, na pistoni ikakubali kutembea.

Pili tulitafuta panya. Panya wa huko hukimbia baridi na kujenga ndani ya mashine. Tulikuta kiota katika njia ya hewa, na kingine ndani ya kiti. Laiti tungewasha bila kutazama, injini ingevuta nyasi na manyoya.

Tatu tulisafisha tangi na kabureta. Petroli ikikaa muda mrefu huharibika na kuacha kitu kama gundi. Gundi ile huziba vitundu vyembamba kama sindano. Tulibadili mipira yote ya petroli, maana ile ya zamani ilipasuka ukiikunja. Tukasugua pointi za umeme. Tukaweka plagi mpya. Tukakagua breki, puli na mkanda. Rangi tuliiacha mpaka mwisho. Mtu anayeanza na rangi anamvisha mgonjwa suti.

Mwezi wa Januari ikawaka. Ilitoa moshi wa buluu, ikanguruma. Mzee alivua kofia.

MADUMU MAWILI MEKUNDU

Sasa sikilizeni kosa letu.

Injini ile ni ndugu wa injini nyingi za mitumbwi yetu. Haina mahali pake peke yake pa kuwekea oili. Oili huchanganywa na petroli. Mashine yetu ilitaka oili 1 kwa petroli 20. Ukiwa na petroli lita 20, unatia oili lita 1. Ukiwa na lita 5, unatia robo lita. Mashine nyingine hutaka oili kidogo zaidi ya hapo, kama 1 kwa 50. Kwa hiyo usimwulize jirani. Soma kitabu cha mashine yako, au maandishi yaliyo kwenye tangi.

Bandani tulikuwa na madumu mawili, yote mekundu. Dumu moja lilikuwa na petroli iliyochanganywa. La pili lilikuwa na petroli tupu, ya mashine ya kuondolea theluji njiani. Tuliandika kila bolti, tukasahau madumu. Tulisema, "Ah, sisi tunayajua."

Jumamosi moja mmoja wetu alijaza tangi. Tumekubaliana tusiseme ni nani. Tukapanda wote wawili, tukaenda ziwani. Tulipofika mbali na pwani, injini ilianza kulia kwa sauti nyembamba. Kisha ikakamata, kimya. Mafundi wa gereji husema imenoki. Pistoni haikupata oili. Ikapata moto, ikavimba, ikajisugua ukutani mwa silinda mpaka ikashikana nayo.

Jua lilikuwa linazama. Tulitembea kilomita nne juu ya barafu, upepo ukitupiga usoni. Njia nzima hatukusemezana. Mdogo aliumia sikio kwa baridi, likawa jeupe kama karatasi. Ngozi yake ilibabuka, na mpaka leo sikio lile humwuma asubuhi ya baridi.

MABATI YA MAMA

Silinda ilibidi ichongwe. Ilitakiwa pistoni kubwa zaidi na ringi zake. Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mabati 24 ya nyumba ya mama. Nyumba ilikuwa ya nyasi, na mvua za masika zilikuwa njiani. Tulikaa mezani usiku mzima tukilaumiana. Mwisho tuliitumia fedha ile. Kuiacha mashine vile kungekuwa kupoteza yote.

Tulimpigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mabati yamefika wapi?"

Tukamweleza yote, mpaka habari ya madumu. Alinyamaza. Wengi hapa mnamjua mama yetu. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa kama hili lenu. Akasema, "Mimi nimeandika CHUMVI kwenye kopo la chumvi. Nimeandika SUMU kwenye chupa ya dawa ya pamba, kwa sababu ya wajukuu. Nyinyi mmesoma mpaka sekondari, dumu la petroli limewashinda?"

Hatukuwa na jibu. Mama alilala chini ya nyasi masika ile, na mahali pawili pakavuja.

Tulirudi bandani. Jambo la kwanza tulichukua rangi nyeupe na brashi. Dumu moja tukaandika MCHANGANYIKO 1 KWA 20. La pili tukaandika PETROLI TUPU. Ndipo tukafungua injini.

KUPAMBA

Baada ya kupona, mashine ilitakiwa ipendeze. Hapo wapenzi wa mashine za zamani huwa makundi mawili. Kundi moja hutaka kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani. Kundi la pili hubadili wapendavyo. Hutia rangi nyingine, taa kubwa, hata injini yenye nguvu zaidi. Sisi tulifuata njia ya katikati. Rangi ya manjano tuliirudisha ile ile. Kiti tulikishona upya kwa turubali nyeusi. Tukaongeza vipasha joto vya mikono. Injini kubwa tuliikataa. Mzee alituambia, "Ukiongeza nguvu bila kuongeza breki, unachimba kaburi." Alituambia pia tutunze kila kitu tulichokitoa, kwa kuwa mnunuzi anaweza kukitaka. Ni kweli. Aliyeinunua alikichukua hata kiti cha zamani chenye tundu la panya, na daftari letu pia alilichukua. Alisema daftari lile ndilo lililomfanya atuamini.

Fedha ile ilitosha mabati 24, na misumari.

NENO LA MWISHO

Tunaongeza onyo moja. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Huko mabanda hufungwa kwa sababu ya baridi, na watu hufa. Katika moshi ule mna hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Kichwa huuma, unalegea, unalala usiamke. Jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa sumu hiyo hiyo. Jenereta ndani ya duka lililofungwa pia. Fungua mlango, au toa chombo nje.

Ndugu wanakisomo, wengine husema, "Nimejifunza kusoma, sasa nisome nini, na vitabu hakuna?" Tunawaambia, andikeni. Leo jioni ukifika nyumbani, tazama chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Chukua kipande cha mkaa kama huna kalamu. Andika MAFUTA YA TAA. Andika DAWA YA MIFUGO. Andika na siku uliyonunua. Mwenye mashine ya kusaga aandike siku aliyobadili oili. Mwenye mtumbwi aandike kipimo cha mchanganyiko kwenye dumu lake, kwa herufi kubwa, hata mtoto aliyetumwa asikosee.

Pale kwetu mwaloni madumu yote yameandikwa. Njooni mtazame. Na mkilikuta moja halina jina, mwambieni mkubwa wetu. Atajua ni kazi ya nani.



MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mzee alitoa daftari kabla ya spana?
2. Mashine inataka oili 1 kwa petroli 20. Una petroli lita 10. Utatia oili kiasi gani?
3. Nyumbani kwako mna makopo, chupa au madumu mangapi yasiyoandikwa? Lipi ni la hatari zaidi kwa watoto?